Mkono Uliosema Majani Yana Moto

Ungekuja kiwandani kwetu miaka michache iliyopita, kabla ya kuonyeshwa mashine ungeonyeshwa mkono.

"Ule pale," Supavaiza angekuambia, akielekeza kwa kidevu maana mtu mzima haelekezewi kidole. "Ule mkono ndio kiwanda. Hizi chuma zingine ni makelele tu."

Mwenye mkono alikuwa mzee mrefu mwenye koti la mvua la kijani na kofia ya sufu iliyoshuka mpaka kwenye nyusi. Tulimwita Mzee wa Vitanda. Mgeni alidhani ni seremala, na sisi tulimwacha adhani hivyo mpaka amuulize bei ya kitanda cha futi tano, tucheke. Vitanda vyenyewe ni yale masanduku marefu yenye sakafu ya wavu, ambamo majani mabichi ya chai hulazwa yapulizwe upepo kutoka chini mpaka yalegee, ndipo yapelekwe kusagwa. Yakilegea kidogo mno chai inaharibika, yakilegea kupita kiasi inaharibika vilevile. Kati ya kuharibika kwa kwanza na kwa pili kuna kama saa moja, na hiyo saa ilijulikana na mkono wa Mzee peke yake. Alichota konzi, akaifinya, akafungua kiganja. Donge likifunguka kama kitoto kinachoamka, alisema, "Bado." Likikaa kimya, alisema, "Shusha." Basi. Watu thelathini walifuata.

Pia ndiye aliyepokea majani mlangoni. Kiwanda chetu ni kidogo, cha mtu binafsi, na mkulima mwenye shamba la ukubwa wa uwanja wa kanisa analeta majani yake mwenyewe kwa pikipiki, kwa mkokoteni, kwa punda. Majani ya chai yakishindiliwa kwenye gunia hujipasha moto yenyewe, yakawa mekundu kama yaliyochemshwa, na gunia moja kama hilo likilazwa kitandani linaharibu kitanda kizima. Kwa hiyo Mzee alitia mkono ndani ya kila gunia mpaka kwenye kiwiko. Akisema yana moto, majani yamerudi nyumbani. Hakuna rufaa.

Mimi nilikuwa nageuza majani kwenye vitanda. Waliniita Kedowa kwa sababu nilitoka Kedowa. Jina langu la nyumbani waliona ni kazi nyingi. Niliishia kidato cha pili. Sikusoma sana lakini naota sana, na ndoto yangu ni saluni pale Sotik, yenye kioo kutoka sakafuni mpaka dari. Wengine niliwaambia wakacheka. Mzee hakucheka. Aliniuliza kioo kitakaa ukuta gani.

"Ule unaotazama mlango," nikamwambia.

"Mlango inaangalia wapi?"

"Mashariki."

"Basi hapana. Jua ya asubuhi itaingia, igonge kioo, ichome wateja macho. Weka ya upande."

Mpaka leo katika ndoto yangu kioo kiko ukuta wa upande. Nasema mapema kwamba nilimpenda yule mzee, ili nikifika kwa mama wa punda usidhani nasema kwa chuki.

Nianze na salamu, kwa sababu zamani Mzee alikuwa msalimu hodari. Alikushika mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa mpaka bega likajua kwamba mwenye bega amesalimiwa, na kabla ya kukuachilia alikuwa ameshakusoma. "Wewe umetoka kufua." "Wewe leo hukuchuma, umetuma mtu." Mimi siku yangu ya kwanza aliniambia, "Huu mkono umesuka nywele jana," na kweli nilikuwa nimemsuka mke wa jirani mpaka vidole vikakakamaa. Tulipanga foleni kusalimiwa kama watu wanaotabiriwa.

Halafu mvua ndefu za mwaka fulani zikaanza na ile mikono ikaingia mifukoni mwa koti. Alisalimu kwa kichwa. "Chamge," anasema, amesimama mbali, na wewe umeshanyoosha mkono umebaki nao hewani kama mtu anayepima mvua.

"Mzee siku hizi ni kama gavana," Supavaiza akasema. Yeye ni mtu wa kando ya ziwa, ulimi wake hauna breki. "Salamu yake ni mpaka uandike barua."

Tulicheka. Nilicheka kuliko wote, nina kicheko cha karibu, kinakuja hata kisipoitwa.

Alikuwa na maneno yake. "Jani halina mdomo, lina ngozi," hilo alilisema kila mara mtu alipotupa majani kitandani kwa fujo. Lingine: "Usiulize mtu kama amechoka. Mwangalie akikaa chini." Na neno moja la kwao, mutyo, polepole, alilitumia kwa kila kitu: kwa mlango unaofungwa kwa kishindo, kwa injini inayolia vibaya, kwa wanawake wawili wanaogombania ndoo. Mutyo, mutyo. Injini haikumsikia lakini wanawake walimsikia.

Halafu yeye mwenyewe hakuwa na mutyo hata kidogo na mashine ndogo ya kupima maji kwenye majani. Tajiri mwenye kiwanda aliinunua, ikaja ndani ya sanduku lenye sifongo, na siku ya kwanza ikashindanishwa na mkono. Mashine ikasema majani yako tayari. Mkono ukasema bado. Supavaiza akakigawa kitanda mara mbili, nusu ikashushwa kwa neno la mashine na nusu ikangoja neno la Mzee. Chai ya Mzee ilitoka na rangi ya shaba. Ile nyingine ilitoka na rangi ya maji ya kuoshea miguu. Mashine ikarudishwa kwenye sifongo yake na Mzee akapita karibu nayo akalipiga sanduku lake teke, mtu mzima, mwenye wajukuu.

Kiwandani alikuwa hakimu asiyebembelezwa. Lakini paka walipozalia nyuma ya feni ya kitanda cha nne, alikataa feni ile iwashwe siku sita. Supavaiza alipouliza, akajibu, "Kitanda hiyo ina wagonjwa." Akawa anawaletea maziwa kwenye kifuniko cha thermosi, na sisi tukalaza majani mengi kwenye vitanda vingine, tukavunjika migongo kwa sababu ya paka watatu.

Sasa niseme kuhusu uso wake, kwa sababu bila uso huo hakuna habari.

Mkewe, ambaye sote tulimwita Kogo, yaani nyanya, ndiye aliyenieleza. Kwao, siku kijana anapotahiriwa, wanaume wanaosimama pale hawatazami kisu. Wanatazama uso. Ukikunja nyusi, ukipepesa jicho tu, umepepesa maisha yako yote. Watoto wako wataambiwa na wajukuu wataambiwa. Mzee wetu siku yake aliukaza uso wake na sidhani kama aliwahi kuulegeza tena.

Nilikuta jambo nyumbani kwao Jumapili moja nilipompelekea Kogo kabichi za Kedowa. Mzee amekaa kwenye kigoda uani, mikono juu ya magoti, na Kogo anampiga viungo vya vidole kwa fungu la kiwavi, ule mmea unaowasha. Ni dawa ya zamani ya viungo vinavyouma. Vidole vilikuwa vimevimba kama mizizi ya tangawizi. Mimi niliyesimama tu nilihisi ngozi inanisimama. Yeye alikuwa anatazama ndizi.

"Mzee, haiumi?" nikauliza.

"Kitu gani?"

"Hiyo kiwavi."

Akaniangalia kama nimeuliza kama jua ni la kike. "Kedowa, kabichi ya mwaka huu iko na wadudu ama haina?"

Kogo hakuinua kichwa. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Huyu hapana sema uchungu. Hata ng'ombe inasema. Huyu hapana."

Nikaona ni ushujaa. Nilirudi nikiwasimulia watu njiani.

Baada ya mikono kuingia mifukoni, siku ya moto ya kwanza ilikuwa kweli. Pikipiki ilileta magunia manne ya majani yaliyoonekana mazuri, kijani juu, na Mzee alipotia mkono kwenye la tatu aliutoa haraka. Mkono tu; uso haukujua. "Iko na moto," akasema. Mwenye majani akaapa kwa mama yake. Gunia likamwagwa sakafuni, na katikati, ndani kabisa, kulikuwa na donge jekundu linalofuka mvuke. Hakuna mtu mwingine ambaye angeligundua. Supavaiza alipiga mluzi.

"Mkono unazidi kuona," akasema. "Unazeeka kama divai ya padre."

Hapo ndipo tulipopotea, na tulipotea pamoja, kiwanda kizima. Kwa maana mkono ulikuwa umeanza kurukaruka. Ulirukia gunia la huyu na la yule. Na kila uliporuka sisi tulisema umeona. Hatukujiuliza kwa nini mkono unaogusa vizuri zaidi haushiki tena kikombe. Hatukuunganisha mkono wa mfukoni na mkono wa guniani. Mtu anayesikia zaidi ni mtu anayejua zaidi. Hivyo tulifikiri, na ukituuliza tungekujibu hivyo kwa kujiamini.

Mama wa punda alitoka upande wa pili wa mpaka wa kaunti, ng'ambo ya Sotik. Alikuwa mjane mfupi mwenye kitambaa chekundu kichwani, na punda wake aliitwa Meneja kwa sababu hakuna aliyewahi kumharakisha. Shamba lake lilikuwa dogo lakini majani yake yalikuwa kama yamechanwa kwa kitana: majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, hakuna kijiti, hakuna jani gumu. Hakushindilia gunia. Aliogopa joto kuliko alivyoogopa radi, kwa hiyo alichuma tangu kunapambazuka na kufika wa kwanza, mlango ukifunguliwa, majani yakiwa bado na umande.

Asubuhi moja Mzee alitia mkono kwenye gunia lake, akautoa.

"Iko na moto."

Mama akadhani ni mzaha. "Baba, ni baridi hiyo. Ni umande."

"Iko na moto."

"Gusa tena, baba."

Akagusa tena. Sasa najua ni nini kilimgharimu kugusa tena. Akautoa. "Moto."

Nilikuwa nimesimama hapo na fagio. Alipogeuka nikachovya mkono wangu kwenye lile gunia, haraka, kama mtu anayeiba sukari. Yalikuwa baridi. Yalikuwa baridi kama maji ya mto. Vidole vyangu vilitoka vimelowa. Mama wa punda aliniona.

"Msichana," akasema, "si umegusa? Sema."

Supavaiza akanitazama. Mzee alikuwa ameshanipa mgongo, koti lake la kijani na mikono mifukoni. Na mimi, nakuapia, sikufikiri kwamba Mzee amekosea. Nilifikiri ni mkono wangu ambao haujui. Ule mkono ulishinda mashine. Wangu ni wa kusuka nywele. Nikasema, "Mzee ndiye anajua, mama."

Akapandisha gunia lake juu ya Meneja akaondoka. Juma lililofuata akaja mapema zaidi, maana alifikiri alichelewa. Akarudishwa. Mara ya tatu alikuja wakati ukungu bado umelala barabarani, majani yamefunikwa kwa gunia lililoloweshwa maji, yeye mwenyewe anatetemeka. Mzee akatia mkono. "Moto." Hakulia mbele yetu. Aliyamwaga majani yale kando ya barabara, pale pale nje ya lango, akaketi akayatazama kidogo. Meneja akajaribu kuyala, akayatema. Kisha wakaenda zao, na hawakurudi tena.

Wale waliokuja alasiri, wamechelewa, magunia yameshindiliwa kwa goti, wengi walipita. Na mimi niligeuza majani yao nikiimba.

Kilichonifumbua macho ni chuma. Kulikuwa na baridi, miezi ile ya katikati ya mwaka ambapo Kericho nzima inatoa moshi mdomoni. Mzee alikuwa anapanda ngazi ndogo ya kuangalia kitanda cha kwanza, na kabla ya kupanda alishika kile chuma cha pembeni. Chuma kililala nje ya joto usiku kucha. Alikishika, akakiachilia, na kwa sauti ya chini, akijisemea yeye, akasema neno lile lile.

"Moto."

Nikaweka mkono wangu pale pale. Baridi ilinipanda mpaka kwenye meno.

Nilisimama na kile chuma mkononi na magunia yote yakaanza kupita mbele yangu, moja moja, na nyuma yao punda.

Sikumwambia yeye. Nilimwambia Kogo, na Kogo akafanya kitu ambacho wanawake wa kwao hufanya wakiwa wamechoka na wanaume: hakupika. Siku mbili. Siku ya tatu Mzee akakubali kwenda zahanati, nami nikaenda nao ili nimtafsirie Kogo Kiswahili cha daktari, maana lugha yao niliikulia Kedowa.

Daktari alikuwa msichana wa karibu rika langu, mtoto wa wakulima wa chai, alisema mwenyewe. Alichukua kipande cha pamba akakipitisha juu ya vifundo vya Mzee, polepole, kama unavyompangusa mtoto aliyelala. Uso wa Mzee haukusema kitu. Lakini daktari aliinama akamtazama chini ya kofia.

"Boiyo," akasema, kwa heshima, yaani mzee, "uso umekataa kuongea lakini jasho limeongea. Hii pamba inauma."

Mzee akageukia dirisha.

Daktari akatueleza. Nitasema nilivyoshika, na kama nimeshika vibaya kosa ni langu. Alisema ndani ya ngozi na ndani ya viungo kuna nyuzi ndogo za fahamu, na kazi yao ni kulinda. Kitu kikiwa cha kawaida zinakaa kimya. Kikiwa cha kuunguza, au cha kukata, zinapiga kelele na ubongo unasikia uchungu. Sasa kiungo kikivimba, mwili unamwaga pale kemikali nyingi, na zile nyuzi zinalowa ndani ya hizo kemikali kila siku. Uzi uliolowa hivyo haungoji tena jambo kubwa. Unapiga kelele kwa jambo dogo. Baadaye unapiga kelele kwa lisilo jambo.

"Mnajua mizani ya majani," akasema. "Ile ambayo mshale haukurudi kwa sufuri. Hujatundika kitu, tayari inasoma. Ukitundika jani moja inaruka. Mizani hiyo haisemi uongo kwa kupenda. Imeanzia juu."

"Na moto?" Mzee akauliza. Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu tuingie.

"Uzi unaosikia moto una kama mlango, Boiyo. Ni ule ule unaofunguka ukishika sufuria inayochemka, na pilipili pia inaufungua, ndiyo maana pilipili tunasema inachoma na haina moto wowote. Mtu mzima wa afya, ule mlango haufunguki mpaka kitu kiwe moto kweli. Wako umelegezwa na uvimbe. Hata joto la damu yako mwenyewe linatosha kuusukuma. Na uzi ukipiga kelele hivyo, wenyewe unamwaga kemikali zingine pale pale, uvimbe unazidi, na uzi unazidi. Ikikaa miaka, hata uti wa mgongo unajifunza kupaza sauti."

"Asubuhi?"

"Asubuhi ndiyo mbaya. Ugonjwa huu asubuhi unakaza zaidi. Mchana unalegea kidogo. Si ndiyo?"

Mzee aliitazama mikono yake juu ya magoti. Nilimtafsiria Kogo. Kogo akaanza kulia kabla sijamaliza, kwa sababu ya kiwavi.

"Kwa hivyo majani haikuwa na moto," Mzee akasema.

"Majani gani, Boiyo?" daktari akauliza.

Nilijifanya natafuta leso.

Mimi kwa kuwa ni mtu wa kupenda mambo yaishe vizuri nikauliza kama mkono utarudi. Daktari alikuwa mkweli. Alisema vidole vilipoanza kuvimba, wakati huo ndio ulikuwa wakati wa kuja. Dawa zipo na zitapunguza ule moto, pengine atalala. Lakini viungo vimeshaliwa. Mkono wa zamani, hapana.

Kesho yake Mzee alikwenda kwa Supavaiza, akasimama mbele yake, akatoa mikono mifukoni, mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akaionyesha. "Hii haifai," akasema. "Imerudisha majani ya watu bure."

Supavaiza aliitazama ile mikono. Halafu akasema kwa upole, "Mzee, hayo si yamepita? Wacha tu." Mashine ikatolewa kwenye sifongo. Sasa ndiyo inayosema bado na shusha, na chai yetu ina ile rangi ya maji ya miguu, na hakuna anayelalamika sana. Walimpa Mzee koti jipya la kijani. Halikumwingia mikononi, vidole vilikwama kwenye mikono ya koti, akalibeba begani.

Nilimwona tena wakati wa mvua fupi. Nilikuwa na siku ya kupumzika, nikaenda kumsabahi, nikamkuta amevaa viatu vya kanisani, anangoja. Kogo alikuwa amemfunga kamba za viatu.

"Unajua nyumbani kwa yule mama?" akauliza.

Hakusema mama yupi. Nikasema najua.

Tulifika karibu na adhuhuri. Niliona kwanza punda, amefungwa kwenye mti, ananenepa. Kisha nikatafuta kwa macho ile chai iliyochanwa kwa kitana na sikuiona. Palikuwa na mistari ya miche ya mikaratusi, mirefu kufika magotini, na kando ya boma lundo la visiki vya michai, mizizi juu, vimekauka tayari kwa kuni. Mchai unaishi kuliko mtu. Bibi anaupanda, mjukuu anachuma. Ukiung'oa umeng'oa na mjukuu.

Mama wa punda alitoka jikoni akijifuta mikono kwa leso. Alitujua mara moja. Alitupa viti, maana ni mtu mstaarabu, yeye akabaki amesimama.

Mzee pia hakuketi. Akasema, "Mama, majani yako haikuwa na moto. Mara zote. Ilikuwa ni mkono yangu. Nimekuja kusema."

"Ilikuwa ni mkono."

"Ndiyo."

"Ulikuwa na nini?"

Hapa ndipo angeweza kusema. Neno lilikuwa moja tu, hata mtoto analijua. Nilimsubiri. Nilimwombea. Akatazama ile miche ya mikaratusi, akasema, "Ilikosea."

Mama akatingisha kichwa polepole. "Mimi nilidhani ni mimi," akasema. "Nilidhani shamba langu lina laana. Shemeji zangu walisema hivyo, kwamba majani ya mjane yanaungua yenyewe. Ndio wakaja na majembe." Akanigeukia mimi. "Na huyu aligusa."

"Niligusa, mama," nikasema. "Yalikuwa baridi."

Akautazama mkono wangu.

Kisha mama akafanya kitu ambacho kwa watu wengine ndicho kingemaliza. Akaunyoosha mkono. "Haya, baba. Umetoka mbali kusema. Tusalimiane."

Nikajua, na Mzee akajua. Angeweza kusalimu kwa kichwa kama alivyotusalimu sisi miaka yote ile. Akautoa mkono wake mfukoni akampa.

Mama aliushika kama wanavyoshika watu wa kwao, kwa nguvu, na hakuuachilia. Ni mkono wa mtu aliyechuma chai miaka thelathini, una nguvu ya koleo. Aliushika akamtazama usoni. Alikuwa anatafuta kitu pale, nilimwona anakitafuta, kwenye macho, kwenye nyusi, kwenye pembe za mdomo, chochote kile, alama ndogo tu kwamba huyu mtu anaumia kwa alilolitenda. Akaminya zaidi, bila kujua, kama mtu anayebana tunda. Jasho lilianza chini ya kofia ya sufu. Uso ulikuwa kama ukuta uliopakwa chokaa.

Ningesema, "Mama, mwachie, unamuumiza." Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Lakini Mzee alinitazama, mara moja, kwa pembe ya jicho, na nikarudi kuwa yule msichana mwenye fagio. Nikanyamaza mara ya pili.

Akauachilia.

"Nimeona," mama akasema, si kwa hasira. "Wewe ni jiwe, baba. Umekuja kusema kwa mdomo, lakini ndani huna kitu. Kunyweni chai muende." Akaingia jikoni.

Hatukuinywa. Tulishuka kile kilima, yeye mbele, mkono umekunjwa kifuani ndani ya koti kama anabeba kifaranga. Langoni alisimama kwa sababu kulikuwa na komeo na hakuweza. Nikalifungua. Alikuwa anapumua kwa mdomo.

"Kedowa," akasema. "Ilionekana?"

Nilitazama nyuma. Moshi ulikuwa umeanza kutoka jikoni kwa mama, moshi mweupe, wa kuni kavu za michai.

"Hapana, Mzee," nikamwambia. "Haikuonekana kitu."

"Kongoi," akasema. Asante. Na akanyoosha mgongo, akatangulia.